Sprusi kwenye ndoo na joto la Tanga

Mhariri, naomba kanafasi. Hapa Tanga mjini niliuziwa mti wa sprusi kwenye ndoo, naambiwa wa Krismasi huo mwagia maji tu, nikauweka barazani Chumbageni, kufika Februari umekuwa kahawia na vile vijani vya sindano vimejaa sakafuni kila siku nafagia. Sprusi ni mti wa nchi za baridi jamani, mizizi yake inakaa juujuu, haitaki kukauka wala haitaki maji yatuame, sasa ndoo yenyewe haina hata tundu! Labda Lushoto kule juu. Huku pwani si tuna mvinje, unavumilia chumvi na mchanga, ukiupogoa unapendeza hivyohivyo. Wauzaji mtuambie ukweli basi. Ndoo nimeitoboa, nimepanda mchicha.

Msomaji, Tanga