Skii za mlima mzima: barua kwa Rehema

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, shoga yangu. Barua yako imefika, nami nimeisoma mara mbili kwa sababu ndani ya swali lako moja mna maswali mawili. Unataka kujua kama skii (zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji) za wanawake za mlima mzima, zile zenye kiuno, yaani upana wa katikati chini ya buti, cha milimita 88, zitakufaa wewe uliye wa kiwango cha kati. Halafu unauliza kama dada yako, ambaye ameshabobea, anaweza kununua hizo hizo. Wewe zitakufaa. Dada yako zinaweza kumfaa pia, ila huenda akataka zilizo ngumu zaidi, na msichukue urefu mmoja. Sasa nivumilie nikueleze kwa nini.

Skii za aina hii ni za mtu anayetaka jozi moja tu imtoshe siku nzima: asubuhi njia zilizosawazishwa na mashine, baadaye kidogo kwenye matuta, na alasiri ile theluji iliyovurugwa na watu mpaka imebaki mafungu mafungu. Za wanawake kwa kawaida zina kiuno cha milimita 80 hadi 100 hivi. Namba yenyewe mara nyingi utaikuta kwenye jina, kama Black Pearl 88 ya Blizzard au Santa Ana 92 ya Nordica. Kadiri kiuno kinavyokuwa chembamba ndivyo skii inavyohama upesi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kikiwa kipana, ukingo unakuwa mbali na katikati ya buti, na kwenye theluji ngumu kifundo cha mguu na goti ndivyo vinavyolipa. Ndiyo maana napenda 88 kwa mtu ambaye siku zake nyingi ziko kwenye njia zilizosawazishwa. Kwenye theluji laini ya kufika magotini utazama kidogo, hilo nakwambia mapema.

Ukiilaza skii sakafuni utaona chini ya buti imeinuka kidogo kama daraja. Ukisimama juu yake daraja hilo linalala, na nguvu yake inakwenda kuzisukuma kingo zishike theluji. Ncha nayo huanza kupanda juu mapema kabla ya kufika mbele kabisa. Kwa mtu wa kiwango chako, hapo ndipo penye raha: sehemu ya ukingo inayogusa theluji inakuwa fupi, kona inaanza bila kushindana nawe, na kwenye theluji iliyovurugika ncha inapanda juu ya mafungu badala ya kujichomeka. Utaona pia kwamba ukienda moja kwa moja kwenye theluji ngumu ncha zinapigapiga hewani. Usidhani skii ni mbovu. Zinatulia mara tu unapoilaza kwenye ukingo.

Mkia ndio unaowatenganisha wewe na dada yako, na wauzaji wengi hawausemi. Mtu wa kiwango cha kati akichoka au akiogopa mteremko huegemea nyuma. Skii yenye mkia mgumu na bapa haimsamehi: inaendelea na kona ambayo yeye ameshaiacha, inamvuta pembeni, na kabla hajajua amekaa chini. Mkia ulioinuka kidogo na wenye unyumbufu unamruhusu auteleze nje ya kona na kujipanga upya. Dada yako anataka kinyume chake. Yeye anabana muundi kwenye ulimi wa buti tangu kona inapoanza, kwa hiyo anataka mkia ushike hadi mwisho, umrushe kuingia kona inayofuata. Skii ile ile ambayo wewe utaisifu kwa upole, yeye anaweza kuilalamikia kwamba inamponyoka kasi ikizidi.

Kinachoamua zaidi hapo ni chuma kilichomo ndani. Kiini huwa cha mbao, kwa mfano mpopla, mti uitwao beech, au paulonia ambayo ni nyepesi sana, kikafunikwa kwa faiba ya kioo. Juu yake watengenezaji wengine huweka mabamba ya titanali, ambayo ni aloi ya alumini licha ya jina lake. Mabamba mawili kamili yanameza mtetemo, na skii inatulia kwa kasi kana kwamba njia imepigwa pasi. Lakini inakuwa nzito, na isipopata kasi haipindi. Kwa mwendo wako utakuwa unaisukuma kona baada ya kona hadi mapaja yawake moto. Isiyo na chuma kabisa ni nyepesi na ina uchangamfu, nzuri kwenye matuta na katikati ya miti, ila theluji iliyovurugika inairusharusha. Kwa hiyo nakushauri utafute ile yenye chuma cha kiasi: bamba moja, au kipande chini ya buti tu. Mimi hiyo ndiyo niliyoitumia, na sijatamani kubadilisha.

Sasa hili la “za wanawake”. Dada yako ana haki ya kulitilia shaka. Mara nyingi tofauti ni za kweli: urefu mfupi zaidi unapatikana, mbao ni nyepesi, chuma kimepunguzwa, na pengine alama ya kufungia buti imesogezwa mbele kidogo. Mmarekani mmoja, Jeannie Thoren, alilipigania sana hili la kusogeza, kwa hoja kwamba uzito wa wanawake wengi unakaa chini na nyuma zaidi, hivyo wanahangaika kuufikisha mbele ya skii. Lakini ziko pia skii ambazo ni zile zile za wanaume, zimebadilishwa rangi tu. Skii haijui nani kaikanyaga. Inajua kilo na nguvu. Dada yako ni mrefu, ana nguvu na anapenda kasi, kwa hiyo nisingeshangaa akijaribu zile zisizo za wanawake, Anomaly, ndugu yake Black Pearl, au Enforcer, ndugu yake Santa Ana, akakataa kushuka.

Kuhusu urefu, wewe simamisha skii mbele yako na uchague inayofika kati ya kidevu na pua. Yeye achukue ya kufika kwenye paji la uso au utosini. Kwa kuwa ncha imeinuka, skii hizi huhisiwa fupi kuliko zilivyo, kwa hiyo asiogope. Ajue pia kwamba katika modeli moja, iliyo ndefu zaidi hukata kona pana zaidi, na kwa kasi yake hilo atalipenda.

Buti zako zina ugumu wa 80, sivyo? Zinakutosha kwa sasa. Ila ukifunga skii ngumu chini ya buti laini, amri yako inapotelea njiani kabla ya kufika ukingoni. Dada yako na 110 zake hana shida hiyo. Usilinganishe namba hizo kati ya kampuni na kampuni, kwani kila mmoja anapima kivyake.

Fundi wa vifungio naye umwambie ukweli kuhusu kiwango chako. Anapanga nguvu ya kuachia buti kwa kuangalia uzito, urefu, umri, urefu wa soli na aina ya mtelezaji. Ukijisifu, anaikaza, na siku ya kuanguka kifungio kinaweza kuchelewa kufunguka wakati goti lako linasokotwa. Mwombe pia azinoe kingo, digrii 1 chini na 2 ubavuni. Nimesikia watu wengi wakilaani skii kwamba hazishiki barafu, kumbe zimetumika msimu mzima bila kunolewa.

Kabla hujanunua, kodi kwanza. Zijaribu asubuhi theluji ikiwa bado ngumu, kisha zipande tena alasiri ukiwa umechoka, maana hapo ndipo utajua kama mkia unakusamehe. Usiogope kurudi dukani mchana kubadilisha urefu, wamezoea.

Nitumie kilo zako, urefu wako, na ile namba ya milimita iliyochongwa ubavuni mwa buti karibu na kisigino. Ukizipata za dada yako pia, tuma zote pamoja nikuandikie urefu gani kila mmoja aanze nao. Msalimie sana, mwambie aache kukucheka.

Wako akupendaye,
Maimuna