Wakesho, nitumie ile fomu kabla ya Jumamosi

Umoja, Nairobi
Jumatano usiku

Wakesho dada yangu,

Salamu nyingi. Najua utaanza kwa kusema Njoki humkumbuka mtu akiwa na shida. Ni kweli, nina shida. Huku sote wazima, magoti ya mama yametulia, baridi ya Julai imetukaba koo, stima ilipotea jana ikarudi leo asubuhi. Basi, salamu zimeisha.

Jumamosi tuna mkutano wa wazazi na ajenda ni moja tu: vishikwambi. (Naandika vishikwambi nisije nikarudishiwa barua hii na wino mwekundu. Darasani tunasema tabuleti. Siku niliyosema kishikwambi, Gredi ya 8 nzima ilianguka kicheko.) Mwalimu mkuu anataka virudi kabatini. Yule mzee wa bodi anataka viuzwe, unamjua. Na aliyechaguliwa kusimama kuvitetea ni mimi, ambaye muhula wa kwanza nilitembea na ufunguo wa kabati shingoni kama askari jela.

Sikiliza kilichotokea. Hivi si vile vya mradi wa serikali wa 2016, vya darasa la kwanza. Vile tulivifungia hadi betri zikafa, na hilo ndilo jambo la kwanza nitakalowaambia wazazi. Hivi ni vya wale waliosoma hapa zamani, walituletea 20 mwaka jana. Watoto ni 63 darasani, kwa hiyo kimoja kinazunguka mikononi mwa watatu au wanne. Sasa kipindi cha Sayansi, mtoto mmoja kalala juu ya meza, mdomo wazi. Mwenzake akampiga picha, akamchorea masikio ya mbuzi. Picha ikarukia simu ya mtu, jioni ikawa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi.

Wakesho, nilicheka. Sikuficha kwa mkuu na sikufichi wewe. Nilicheka kabla sijatambua ni nani.

Siku nne hakuja shule. Mamake ndiye aliyekuja, bado amefunga leso yenye unga, akaniambia mtoto huamka saa kumi alfajiri kumsaidia kukanda unga wa chapati kabla ya kuja darasani. Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliniuliza tu, "Mwalimu, ni nani alimpiga picha?" Nami sikuwa na jibu, kwa sababu kile kifaa kilikuwa hakina mwenyewe. Kilishikwa na kila mtu, kwa hiyo hakikushikwa na mtu.

Hapo ndipo nilipoacha kufikiria habari ya ufunguo. Niliketi jioni moja nikavipaka namba kwa rangi ya kucha, ile nyekundu uliyonicheka nayo harusini kwa Mkamburi. Namba 7 ni ya hawa wanne, siku zote, na wanaandika jina na saa kwenye daftari wanapochukua na wanaporudisha. Kazi ni moja kwa kipindi, dakika 20, halafu kioo kinalalia meza. Nikajifunza pia ile njia ya kukifungia kwenye programu moja wasiweze kutoka bila namba ya siri. Nikaweka 2023, mwaka ule Gredi ya 7 ilipoanza, nikijiona mjanja. Walichukua siku mbili. Aliyeigundua aliniambia, "Ticha, hata nyanya yangu angejua."

Lakini daftari limefanya kazi kuliko namba ya siri, nakuambia. Tangu tuanze, kimevunjika kioo kimoja tu, na aliyekivunja alikuja mwenyewe. Sheria nyingine ni ya kamera: humpigi mtu picha kabla hujamwomba, na akikataa amekataa. Utani wao sasa ni kuomba ruhusa hata kupiga picha mbuzi wa kweli wale wanaopita nyuma ya choo. Sawa, wacheke.

Yule mtoto amerudi. Nilimwomba awe mtunza daftari, nikidhani namfanyia jambo la maana. Akasema, "Mimi sitaki kitu cha tabuleti." Kipindi kikianza anafungua kitabu chake tu. Simlazimishi, ila kila nikipita karibu na meza yake naona aibu upya. Sijui kama Jumamosi nimtaje au ninyamaze. Mamake atakuwepo.

Na Mama Shiru pia atakuwepo, anayepiga kelele kuliko wote, wakati mtoto wake analala na tabuleti chini ya mto! Nimemwona mtoto asubuhi, macho kama tui la nazi. Shuleni tuko naye saa chache. Usiku yuko na nani? Lakini nikisema hivyo mbele ya watu nitaonekana natupia wazazi mzigo.

Sasa, fomu. Ile yako ya Kiswahili chepesi ya kukubali sheria za vishikwambi, mtoto anatia sahihi na mzazi anatia sahihi. Mkuu ameanza kutaja Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kwamba taarifa za mtoto haziguswi bila idhini ya mzazi, na kwa mara ya kwanza anaitaja vizuri. Nataka nifike na karatasi mkononi, si maneno. Nitaongeza chini namba 116 ya Childline, ile simu ya msaada kwa watoto, maana ni ya bure na mtoto anaweza kupiga mwenyewe.

Niambie: wazazi wako walikubali kutia sahihi, au uliwabembeleza? Wasiojua kusoma uliwasomea mmoja mmoja? Akivunja kioo analipa nani, na asiye na uwezo je? Kabati lenu ufunguo uko kwa nani? Wewe ungemtaja yule mtoto? Na yule wa Mwatate ulimjibu, au bado unamweka kwenye foleni? Paa la jikoni je?

Piga picha tu unitumie kwa simu, hata ikiwa na madoa ya chai. Mwisho Ijumaa jioni, nipate kupitia kwa fundi wa fotokopi kabla hajafunga.

Wako,
Njoki