Barua kwa mwanangu: ile N ya babu yako

Mwanangu, mama yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo. Mama yako anakusalimu, na yule mbuzi uliyemwachia mdogo wako amezaa mapacha, dume na jike. Mvua bado. Upepo wa mwaka huu umetupiga mpaka bati moja la jikoni limenyanyuka, nimeligandamiza kwa mawe mpaka fundi apatikane. Hayo ndiyo ya nyumbani. Lililonikalisha chini niandike ni jingine, maana kwenye simu huwa unasema "sawa baba, nipo saiti, nitakupigia", na ukipiga mimi nimeshasahau nusu.

Unayakumbuka makaburi ya masista, kule misheni ya zamani? Nilikupeleka mara moja, ulikuwa darasa la pili. Mwiba wa mgunga ukapita kwenye ndala yako, nikakubeba mgongoni tukarudi kabla hatujafika. Basi wiki iliyopita ndama alinipotea, nikafuata nyayo mpaka huko huko. Ndama sikumkuta. Nilimkuta kijana mmoja wa udalali, karatasi mkononi, yuko na watu wawili waliokuja na gari, anawaonyesha kwa kidole: kuanzia mbuyu ule mpaka korongoni. Nikamsalimu, nikamuuliza, na hapa katikati penye kichaka? Akasema, "Mzee, hapo ni pori tu, greda linamaliza asubuhi moja."

Nikanyamaza. Walipoondoka nikaingia kichakani.

Ule uzio wa chuma haupo, uliondoka na wanunuzi wa vyuma chakavu siku nyingi. Umebaki mchongoma walioupanda masista wenyewe kuzuia mbuzi. Sasa umekuwa ukuta, na ndani yake mkonge na nyasi za kunifika kifuani. Nilikata njia kwa panga kama saa nzima, mikono yote imechanika, na mama yako akanitibu kwa chumvi na maneno. Yapo makaburi kumi na moja. Kumi niliyaona vizuri. La kumi na moja mchwa wamelijengea kichuguu, kimemeza msalaba mpaka kwapani, kichwa tu ndicho kiko nje.

Nilikuwa na maji kidogo kwenye chupa. Saruji ya zamani ikiwa kavu husomi kitu, kijivu juu ya kijivu. Ukiimwagia maji herufi zinajitokeza, zinasimama nyeusi dakika moja au mbili, halafu jua linazifuta. Nikawa namwaga kwa kiganja na kusoma haraka haraka kama mwanafunzi anayeibia majibu. Maji yaliniishia kwenye kaburi la nne.

Sasa sikiliza. Misalaba ile aliimwaga babu yako.

Sidhani nimewahi kukusimulia sawasawa. Kwamba alikuwa fundi mwashi wa misheni unajua. Kwamba hakujua kusoma wala kuandika, hilo alilificha, na sisi tulimsaidia kulificha. Alikuwa na kalibu moja ya mbao. Anatia nondo moja ya kusimama na moja ya kulala, anamwaga zege. Mchanga wa korongoni tu, tena aliuosha. Kazi yangu ilikuwa kumwagilia siku saba, asubuhi na jioni, juu ya magunia, na maji yenyewe nikiyafuata kisimani kwa ndoo kichwani. Herufi aliziandika zege likiwa bado bichi, kwa msumari wa inchi nne. Sista mkubwa wa nyumba alimwandikia maneno kwenye kipande cha mfuko wa saruji, babu yako anakiweka mbele yake na kufuatiza, herufi moja moja, kama mtu anayechora mnyama asiyewahi kumwona.

Kwenye msalaba mmoja, katika neno NATA, ile N imegeuka. Mshazari wake unapanda badala ya kushuka. Bado ipo, nimeipitishia kidole. Nakumbuka siku sista alipoiona: zege limeshashika, babu yako kasimama kofia mkononi, anasema atavunja amwage upya, saruji akatwe kwenye mshahara. Sista alicheka mpaka akajifuta machozi. Akamwambia aiache. Akasema aliyelala pale alikuwa akivuruga Kiswahili kila siku ya Mungu na hakuna aliyemvunja.

Alipokufa sista huyo naye, babu yako alishinda chini ya mkwaju na kijiti, anaandika N kwenye vumbi, anafuta, anaandika tena. Nililetewa uji nikampelekea, hakunywa. Ya yule sista imenyooka.

Maandishi mengine ya babu yako hapa duniani hayapo. Hata kwenye kadi ya TANU aliweka dole gumba.

Kila msalaba una miaka mitatu. Nilipokuwa mdogo wa kwanza niliujua na wa mwisho niliujua, ila wa katikati ulinisumbua. Ni Kilatini: NATA ni kuzaliwa. OBIIT ni kufariki. Katikati yake PROFESSA, mwaka alioweka nadhiri: umaskini, usafi wa moyo, utii. Wengi wa zamani walipoingia utawani walipewa na jina jipya, kwa hiyo jina alilochaguliwa na mama yake halimo pale juu. Ukienda kumtafuta kwao kwa jina la kaburini humpati. Chini kabisa pameandikwa R.I.P., ambayo mimi nilidhani ni ukoo. Nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba masista wote ni ndugu, wa ukoo wa Ripu, na tuliamini hivyo mpaka nilipofika darasa la tano.

Kaburi la kona, kati ya nadhiri na kifo ni miaka sita tu. Babu yako alisema ni homa ya mkojo mweusi. Meli kutoka Ulaya, treni ya reli ya kati kutoka Dar es Salaam, akashuka Dodoma na sanduku lake, miaka sita, basi.

Lakini usidhani wote walikuwa Wazungu. Wawili ni wa kwetu. Mmoja wao baba yake alikuja misheni na fimbo kudai binti yake, kwa sababu ng'ombe wa mahari walishahesabiwa na mkwe alishatajwa. Alilala nje ya geti siku mbili. Binti akatoka, akampigia magoti, akarudi ndani. Mzee akaondoka, na ninavyojua mimi ukoo ule haukukanyaga pale tena, hata siku ya maziko. Ndiyo maana nasema haya makaburi hayafanani na ya kwetu. Ya kwetu kuna mjukuu atakayeona aibu pakiota nyasi.

Katika vitabu vya historia ya kanisa letu utakuta kwamba Dodoma ilifanywa prefektura, yaani eneo ambalo bado halijawa jimbo, mwaka 1935, ikakabidhiwa kwa mapadre wa shirika la Wapasionisti kutoka Italia, ikawa jimbo mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 2014. Maaskofu wana majina, mapadre wana majina. Masista, mara nyingi, wana idadi. Hilo nimelisema hata mbele ya paroko, akacheka, hakubisha.

Utauliza iliwezekanaje pasahaulike hivyo. Ni Operesheni Dodoma. Mwaka 1971 tulitolewa kwenye matembe yetu, yaliyokuwa yametawanyika kila mtu na boma lake, tukapangwa mistari kando ya barabara kuwa kijiji cha ujamaa. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Kanisa jipya likajengwa tulikohamia. Kule nyuma wakabaki masista wachache na zahanati isiyo na wagonjwa. Mmoja wao akawa anatufuata kwa baiskeli. Ukame wa 1974, tulipokuwa tukila ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, ni yeye aliyekuwa akipima watoto kwa mzani wa kuning'iniza kwenye tawi. Mdogo wangu wa mwisho alipimwa pale na akapona. Baadaye kisima kikaingia chumvi, nyumba ikafungwa, waliobaki wakahamia mjini. Wale kumi na moja wa makaburini walibaki walipokuwa.

Na sisi tukafanya nini? Nitakwambia, maana umri wangu si wa kuficha tena. Tulikwenda usiku na mikokoteni. Kwanza mabati, kisha milango, kisha matofali. Mimi nilichukua mikokoteni mitatu. Ule ukuta wa jiko, ule wa matofali makubwa mekundu unaosema ni imara kuliko nyumba nzima, ni wa chumba chao cha kulia. Babu yako alikuwa bado hai. Alipouona akayatambua matofali yake, akagusa moja, akaniuliza saruji nilichanganya ngapi kwa ngapi. Hakusema neno jingine mpaka jioni.

Sasa nije kwenye shida yangu. Tangu serikali ihamie Dodoma mji unatufuata kwa miguu. Mwaka juzi ilikuwa mlima ule wa minara, mwaka huu ni huku. Nimekwenda ofisi moja kuuliza kama kwenye mchoro wa viwanja pametengwa eneo la makaburi. Nikaambiwa nilete barua. Nikaleta. Nikaambiwa mwenye faili yuko semina. Nilipokwenda mara ya tatu nikaonyeshwa ramani, na pale penye kichaka palikuwa na mistari tu, kiwanja, kiwanja, njia, kiwanja.

Ulinieleza mwenyewe walipohamishwa marehemu wa ukoo wa mama yako kupisha barabara. Ulisema iko Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, kwamba notisi lazima itolewe, na ndugu wanalipwa gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, hata za tambiko. Nakumbuka mjomba wako alivyofurahi kusikia mbuzi wa tambiko yumo kwenye sheria. Lakini notisi inatolewa kwa kaburi linalojulikana. Lisilo kwenye mchoro ni pori, greda linamaliza asubuhi moja.

Wewe ni mpima. Sikuombi upindishe kitu, wala sikuombi uzuie viwanja vya watu. Nakuomba uje na kile kifaa chako cha setilaiti, usimame kwenye kila kaburi, uchukue zile namba zako, uchore kipande cha karatasi chenye muhuri ambacho hakuna atakayeniambia nikilete tena kesho. Paroko amesema atakiambatanisha na barua yake na kukituma kwa shirika la masista, kisha kitakwenda ofisini. Kama wao wataamua kuwahamishia ndugu zao mjini, sawa, ni wao. Ila wahamishwe wakiwa watu, wakiwa wamehesabiwa kumi na moja. Na misalaba isiachwe.

Kina mama wa kwaya wamekubali kuja na majembe tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote. Jitahidi ufike kabla yake walau kwa siku mbili, kwa sababu wakilima bila mtu kuonyesha mipaka watang'oa na alama za pembeni, unawajua kasi yao. Halafu mvua ikishaanza lile korongo halivukiki. Mwenyekiti wa kwaya alitaka tupake chokaa ili papendeze. Nimemkataza, chokaa itaziba herufi. Amenuna kidogo, atanunua soda siku hiyo yataisha.

Vaa viatu vya ngozi, si vile vya kitambaa. Njoo na brashi ngumu, ile ya kusugulia sakafu. Na nunua madumu matatu ya lita ishirini hapo mjini, yangu yote yanavuja. Maji tutachota nyumbani tuyasombe kwa baiskeli. Nimepiga hesabu: lita tano kwa kila msalaba, ukisoma kwa sauti na mimi nikiandika, tunaweza kumaliza kumi kabla ya jua kuwa kali. Lile la kichuguu tutaanza nalo alfajiri, mchwa wakiwa bado wamelala, kama huwa wanalala.

Ndama alirudi mwenyewe jioni ile ile.

Ni mimi baba yako.