Majiko ya indaksheni: someni kabla ya kuwasha

Hamjambo akina mama wa Kondele. Mliochukua majiko ya indaksheni Jumamosi, yaani haya ya umeme yanayopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, tafadhali someni hii kwanza.

Jambo kubwa ni waya. Jiko la wati 2000 linavuta zaidi ya ampea 8 kwa umeme wetu wa volti 240, kwa hivyo chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Mimi nilitumia ekstensheni ya kuchajia simu. Maji ya ugali hayakuwa yamechemka nikasikia harufu. Kugusa plagi, imelainika kama mshumaa. Nawaomba sana, msijaribu.

Sufuria za alumini hazitapata joto kwenye jiko hili. Weka sumaku chini ya sufuria, ikinasa, pika.

Mafuta ya kukaanga omena yanapata moto upesi kuliko kwenye makaa, usiyaache hata kidogo. Kioo cha juu ya jiko nacho hubaki na joto la sufuria baada ya kuzima, watoto wasikiguse. Kikipata ufa, zima, chomoa, usipikie tena. Na msitandike leso chini ya jiko, itaziba feni.

Mwenye kifaa cha moyo kifuani aulize daktari wake kwanza.

Mkikwama nipigieni, hata usiku.