Barua ya wazi kwa Afisa wa Kazi, Nakuru: Jopo ulilotuahidi liko wapi?

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Karagita, Naivasha. Ulipokuja kwenye baraza ulituahidi kwamba kabla ya mwaka kuisha, mashtaka ya kazini yatasikizwa na jopo ambalo wengi wake ni wafanyakazi wenzetu. Tulikupigia makofi. Mwaka umeisha, makofi unayo bado.

Jumatatu mama mmoja wa pakihausi, pale maua ya shamba letu yanapofungwa, amefutwa, eti mashina ya waridi yalipungua kwenye shada. Aliitwa glavu zikiwa bado mkononi. Ndani alimkuta meneja, karani wake, na supavaiza yuleyule aliyemshtaki. Barua ya kumfuta ilikuwa mezani, imeshapigwa muhuri. Alipoomba niingie naye, akajibiwa kwamba hapa si harambee. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Si wewe uliyetusomea, Mheshimiwa?

Mimi kwa kuuliza tu nimehamishiwa kupiga dawa. Macho yanawasha usiku kucha. Nashuku kwamba Valentine ikipita wanatafuta makosa ya kupunguzia watu, wasilipe ule mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa kazi ambao sheria inampa anayepunguzwa. Sina karatasi ya kuthibitisha, ila nina macho, hata kama yanawasha.

Jopo lenyewe si ndoto. Miaka ya 1980 kampuni ya General Electric waliliweka katika kiwanda chao cha Maryland, Marekani: watu 5, watatu wafanyakazi wa kawaida, wawili wakubwa, wanapiga kura ya siri. Najua wao walitaka kukizuia chama kisiingie. Sisi chama tunacho na hatukiachi, tunataka tu mtu anayejua ubaridi wa kolduruma, ile stoo baridi ya maua, awe kwenye kile chumba cha mashtaka.

Usituambie twende kortini. Korti ni ya mwenye nauli na mwenye kusubiri, na huyu mama ana watoto wanaokula leo.

Kwa hivyo njoo, Mheshimiwa. Keti na meneja, jopo liandikwe, hata kama ni kwa shamba letu peke yake. Na kesi ya huyu mama iwe ya kwanza. Usipoweza kingine chote, hilo moja tu: asikizwe upya, na wenzake wakiwepo.

Wako mtiifu,
Mvunaji wa waridi, Naivasha