"Si saratani" peke yake haitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niongeze neno kwenye makala mliyochapa kuhusu uvimbe wa viungo usio wa saratani. Mwandishi aliwatuliza wasomaji kwamba uvimbe wa aina hii kwa kawaida hausambai mwilini wala hauui, basi mtu asihangaike nao. Sehemu ya kwanza ni kweli. Sehemu ya pili naipinga, kwa sababu mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na wagonjwa wa uvimbe huu hunifikia wakiwa wameshachelewa. Wengi wamechelewa kwa kuambiwa hivyohivyo, wasihangaike.

Nasemea uvimbe wa seli kubwa unaoota kwenye utando wa ndani wa kiungo au kwenye ala ya kano, yaani mfuko unaoizunguka kano. Uko wa namna mbili, na makala ilizichanganya. Kuna kinundu kimoja kilichojitenga, mara nyingi kwenye kidole cha mkono. Hicho kikitolewa vizuri, wagonjwa wengi hawakisikii tena. Halafu kuna ule unaotambaa na kuenea utando mzima wa kiungo, hasa goti. Huu ni nadra sana, takriban watu 4 wapya kwa kila milioni moja kwa mwaka, na huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 20 na 50, yaani walio katika umri wa kusoma, kufanya kazi na kulea. Haumuui mtu, lakini unakula gegedu na kutoboa mfupa, na mtu wa miaka 30 anaweza kujikuta na goti la mzee.

Aliletwa kwangu binti mmoja, mwanafunzi, apewe mazoezi ya kuimarisha paja. Goti lilikuwa la moto kidogo, limejaa, na hakuweza kulikunja kupita pembe mraba. Hakukumbuka kuanguka wala kugongwa. Eksirei ilikuwa safi, vipimo vya damu vya baridi yabisi navyo safi, na goti la pili halikuwa na tatizo lolote. Nilipomuuliza kama aliwahi kuvutwa maji, akasema ndiyo, zaidi ya mara moja, na kwamba yaliyotoka kwenye bomba la sindano yalikuwa ya hudhurungi, kama maji yenye kutu. Kila yakivutwa, goti lilijaa upya. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba rangi ile ina maana.

Ina maana kubwa. Utando wenye uvimbe huu huvuja damu kidogo kidogo, na chuma cha damu hiyo hubaki humo humo. Eksirei haiuoni utando, ndiyo maana mapema hutoka safi, lakini kwenye MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, chuma hicho hujitokeza kama madoa meusi. Nilimrudisha kwa daktari wa mifupa na barua ya kuomba kipimo hicho. MRI ikauonyesha uvimbe huu, na kipande cha utando kilichopimwa maabara kikathibitisha.

Madaktari Jaffe, Lichtenstein na Sutro walipouelezea uvimbe huu mwaka 1941 waliuona kama utando uliochokozwa ukajaa tu, si uvimbe wa kweli, na mabishano yakaendelea kwa miongo. Mwaka 2006 ndipo ilipoonekana kwamba seli chache tu ndani yake zina kasoro ya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni), nazo hutoa kwa wingi protini iitwayo CSF1. Protini hiyo huita seli za kinga zije kwa makundi, na hizo zilizoitwa ndizo sehemu kubwa ya uvimbe wenyewe. Kwangu hili ni jambo la kufurahisha sana, maana lilifungua njia ya dawa za kuuziba mwito huo. Marekani iliidhinisha pexidartinib mwaka 2019, ingawa inaweza kuumiza ini vibaya na Ulaya iliikataa mwaka uliofuata. Vimseltinib iliidhinishwa Marekani Februari 2025. Hizi ni za wale ambao upasuaji hautawafaa. Wengine wote bado tegemeo lao ni kisu, na uvimbe ulioenea hurudi mara nyingi, pengine baada ya miaka, kwa hiyo aliyepasuliwa asiache kwenda kuangaliwa eti kwa kuwa maumivu yamekwisha.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni mrudie mada hii na mwandike wazi: kiungo kimoja kinachovimba na kurudia kuvimba kwa mtu ambaye hakuumia, na kinachotoa maji ya rangi ya damu au kutu, kipigwe MRI kabla ya mgonjwa kupewa tena dawa za maumivu. Na wenzangu wa fiziotherapia, mgonjwa wa namna hii akija na karatasi ya mazoezi, tumuulize kwanza maji yake yalikuwa ya rangi gani.

Wako msomaji,
Mtaalamu wa fiziotherapia