Nikeli iko Nachingwea, platinamu ya nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kuwa kupata haidrojeni kutoka kwenye maji ni mambo ya matajiri kwa sababu yanataka platinamu. Simlaumu. Vitabu ninavyofundishia kemia navyo vinachora elektrodi (vipande vya metali vinavyoingiza umeme majini) za platinamu, na maabara yetu haijawahi kuiona.

Muhula huu wanafunzi wangu walikwenda kwa fundi wakaomba vile vibati vyembamba vya nikeli vinavyounganisha betri za kompyuta mpakato. Tukavitumbukiza kwenye maji yenye kostiki soda kidogo, ile ya kutengenezea sabuni, tukaunga na betri nne za tochi. Mapovu yakapanda pande zote mbili, upande wa hasi, wenye haidrojeni, maradufu. Kijiti cha moto kilichosogezwa kwenye mapovu hayo kikalia "pwa!" na kuna kijana wa nyuma aliyekimbilia mlangoni.

Hilo si jipya. Viwanda vinatumia nikeli hivyo kwa karibu miaka mia. Wanaobanwa na bei ya platinamu na mwenzake iridiamu ni wenye mitambo inayopasua maji katika hali ya tindikali, si ya kostiki kama yetu. Jipya ni kuitengeneza nikeli, peke yake au pamoja na chuma au metali ya molibdenamu, iwe chembe za nanomita chache (nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni), ili maji yapate uso mkubwa wa kugusa. Bibi zetu wanalijua hili: muhogo mzima haukauki, ukiuchanja makopa jua linapata pa kugusa. Mchemraba wa sentimita moja ukikatwa vipande vya nanomita 10 unapata uso wa mita za mraba 600, yaani kiwanja cha 20 kwa 30! Ubaya wake, chembe hizo hushikamana na kubanduka zikiwa kazini, na hapo ndipo watafiti wanapokesha. Umeme nao si wa bure: kilo moja ya haidrojeni hula yuniti 50 na ushee.

Sasa, nikeli iko Ntaka Hill, humu humu wilayani. Gesi ya Mnazi Bay tuliiona ikishika bomba kwenda Dar es Salaam mwaka 2015. Kwa wanaojadili leseni za madini ombi langu ni dogo: kabla lori la kwanza la mawe halijateremka bandarini Mtwara, vyuo vya kusini vipewe sampuli na tanuru la kufanyia majaribio. Vijana wangu wanne wameshaniuliza wakasomee wapi kazi hii. Nimewatajia miji ya mbali tu.

Mwalimu wa kemia,
Nachingwea, Lindi